Mchoro wa penseli kwenye ubao wa zege

Injinia alipiga goti juu ya slabu, akachukua penseli ya seremala iliyokuwa nyuma ya sikio la fundi wangu, akachora moja kwa moja kwenye plaiwudi, katikati ya nondo. Mstari huku, mstari kule, na miduara minane kuonyesha mahali taa zitakapokaa. "Ukuta huu umesogezwa," akasema. "Mabomba yako yafuate hivi. Zege linamwagwa kesho kutwa, usinicheleweshe." Akajipangusa magoti, akashuka ngazi.

Nilikuwa mkandarasi mdogo wa umeme, yaani niliyepewa sehemu ya kazi na mkandarasi mkuu, kwenye jengo la ghorofa sita, kazi yangu kubwa ya kwanza. Nikawaita vijana, tukafungua mabomba ya nyaya tuliyokwisha kuyafunga, tukakata mengine, tukalala saiti siku mbili. Zege likamwagwa kwa wakati. Ghorofa tatu za juu nazo zikafuata mabadiliko yale yale. Nilipopeleka madai ya kazi ya ziada mwishoni mwa mwezi uliofuata, mkandarasi mkuu alinijibu kwa barua ya mistari minne: yeye hajaniagiza nibadilishe chochote, na hata kama kuna mtu aliniagiza, notisi yangu imechelewa. Nikaenda kwa injinia. Hakunikana. Alisema anakumbuka vizuri, ila hana mkataba na mimi na hawezi kuniandikia barua. Ushahidi wangu pekee ulikuwa ule ubao, na mafundi wa mbao walikuwa wameshauvua na kuukatakata kuziba matundu ya sakafu.

Fedha ile haikurudi. Niliwalipa vijana kwa kuuza gari.

Nimeirudia siku ile mara nyingi, na kila nikiirudia naona makosa mawili yaliyofanana kwa nje lakini kisheria ni tofauti kabisa. La kwanza ni kwamba nilimtii mtu asiye bosi wangu. Saiti ina watu wengi wenye kofia ngumu na sauti ya kuamuru, na sisi mafundi tumezoea kumsikiliza mwenye cheo. Lakini sheria ya mikataba haiangalii cheo, inaangalia nani alisaini na nani. Mwenye mradi amesaini na mkandarasi mkuu. Mkandarasi mkuu amesaini na mimi. Injinia anamwakilisha mwenye mradi katika ule mkataba wa juu, na maagizo yake yanamfunga mkandarasi mkuu. Kwangu mimi, alikuwa mgeni mwenye ujuzi. Nilipofuata mchoro wake bila kumshirikisha mkandarasi mkuu, nilifanya kazi ambayo hakuna aliyeahidi kuilipa.

Nilichopaswa kufanya hakikuhitaji wakili wala muda mrefu. Kabla sijamwita fundi hata mmoja, ningeandika ujumbe kwa mkandarasi mkuu: leo saa nne asubuhi, ghorofa ya tatu, injinia ameelekeza mabomba na taa nane zihamishwe kama picha hii inavyoonyesha; naomba agizo lenu la maandishi; zege ni kesho kutwa, hivyo nitaanza leo saa nane mchana msiponizuia; kazi hii ina gharama na muda wa ziada nitakaoudai. Basi. Dakika tano, na picha moja ya simu ya ule ubao kabla nondo hazijafungwa juu yake.

Watu wengi wanaamini kwamba agizo la mdomo halina thamani kabisa. Si hivyo. Mikataba mingi ina mlango wa kuligeuza liwe maandishi, ila mlango huo hufungwa mapema. Chukua mkataba wa FIDIC, lile Shirikisho la Kimataifa la Wahandisi Washauri, wenye jalada jekundu, toleo la mwaka 1999. Kifungu cha 3.3 kinasema injinia akitoa agizo la mdomo, mkandarasi akalithibitisha kwa maandishi ndani ya siku mbili za kazi, na injinia asijibu kwa kukataa wala kutoa agizo lake ndani ya siku mbili za kazi tangu apokee, basi ule uthibitisho wenyewe unakuwa agizo la maandishi la injinia. Ukimya wake unafanya kazi kwa faida yako. Lakini lazima uwe umeandika. Kwa hiyo kitu cha kwanza ninachokitafuta sasa katika mkataba wowote, kabla ya bei, ni kifungu cha maagizo: nani anaruhusiwa kuniagiza, na nina siku ngapi za kuthibitisha alichosema.

Kosa la pili lilikuwa la siku. Mkataba wangu ulinipa siku 14 za kutoa notisi ya madai. Niliusaini bila kuusoma ukurasa huo, kwa sababu wakati ule niliamini madai ni hesabu: ukifanya kazi, unapima, unapiga bei, unapeleka. Nilitumia wiki tano nikikusanya risiti na kupanga majedwali mazuri, nikitaka madai yangu yawe kamili yasiyo na doa. Na wakati nikiyapamba, haki yenyewe ilikuwa imeshakufa.

Hapa nataka kukaa kidogo, maana nimeona wenzangu wengi wakianguka hapa hapa. Notisi si madai. Notisi ni kumwambia mwenzako kwamba jambo limetokea na kwamba utadai. Haihitaji jumla wala risiti. Katika kitabu hicho cha FIDIC cha 1999, kifungu cha 20.1 kinampa mkandarasi siku 28, zikihesabiwa tangu alipojua au alipopaswa kujua tukio hilo, atoe notisi. Maelezo kamili ya hesabu anayapeleka ndani ya siku 42 tangu siku hiyo hiyo. Asipotoa notisi kwa wakati, haongezewi muda, halipwi, na mwenye mradi anaondolewa dhima. Mahakama za Uingereza kwa kawaida hukifuata kifungu cha namna hii kikiwa kimeandikwa wazi kuwa ni sharti la kutangulia, yaani lisipotimizwa haki haipo, hata kama kazi ilifanyika kweli na kila mtu aliiona. Nchi nyingine zina sheria zinazotaka nia njema katika kutekeleza mkataba, na huko mkandarasi anaweza kupata pa kupumulia. Mimi nisingependa kuiweka riziki ya vijana wangu juu ya tumaini hilo.

Na mkandarasi mdogo mara nyingi hupewa siku chache zaidi. Mwanzoni niliona ni uonevu. Baadaye nilielewa: mkandarasi mkuu ana siku zake 28 za kupeleka madai juu, na anahitaji kuyapokea yangu, kuyasoma na kuyaandika upya kabla zake hazijaisha. Ninachokikataa siku hizi ni siku saba au pungufu, kwa sababu hapo mtu hataki kufahamishwa, anataka ukose.

Baada ya pigo lile la mabomba, bado nilikuwa na malipo ya kawaida ya kudai. Hati tatu za malipo zilikuwa zimelala. Kila nikipiga simu jibu ni moja: mwenye mradi hajatulipa. Nikafungua mkataba, safari hii nikausoma, nikakuta sentensi ambayo nilikuwa nimeipita kama salamu: mkandarasi mdogo atalipwa mkandarasi mkuu akilipwa.

Kiswahili kinalionyesha tatizo hili waziwazi. "Akilipwa" inaweza kuwa sharti: asipolipwa, nawe hulipwi kamwe. "Atakapolipwa" ni habari ya wakati tu: fedha ni yako, inasubiri. Neno moja, na hatari yote ya mwenye mradi kufilisika inahama kutoka mabegani mwa mkandarasi mkuu aliyemchagua mwenye mradi huyo, inatua kwangu mimi ambaye sijawahi hata kukutana naye. Nchini Marekani jambo hili lilifika mahakama ya rufaa ya shirikisho mwaka 1962, katika kesi ya Dyer dhidi ya Bishop, ambapo mwenye mradi alikuwa amefilisika. Mahakama ikasema maneno ya namna ile yanaahirisha malipo kwa muda unaofaa tu, na kama mkandarasi mkuu anataka kumtwisha mkandarasi mdogo hatari ya kutolipwa kabisa, aseme hivyo bila kuficha. Tangu hapo wengi wameanza kusema bila kuficha, na majimbo ya Marekani yamegawanyika: mahakama za New York na California zimekataa sharti hilo hata likiandikwa wazi, mengine yanalikubali.

Uingereza walikwenda mbali zaidi. Sheria yao ya ujenzi ya mwaka 1996, iliyoanza kutumika Mei 1998, iliviondolea nguvu vifungu hivi katika mikataba ya ujenzi, isipokuwa pale yule anayesubiriwa kulipa amefilisika. New South Wales huko Australia nao walipitisha sheria yao ya kulinda malipo mwaka 1999. Kwangu hakukuwa na kinga ya aina hiyo. Kilichonisaidia baadaye, katika mikataba mingine, ni nyongeza fupi ninayoiomba kabla ya kusaini: nitalipwa mkandarasi mkuu atakapolipwa, au siku 60 baada ya kupokea hati yangu, lolote litakalotangulia. Wengine hukataa. Anayekataa nampandishia bei au namwachia kazi yake, kwa kuwa ameshaniambia jinsi anavyomwamini mwenye mradi wake.

Turudi kwenye zile hati tatu. Mwezi wa nne nilikasirika nikataka kuwatoa vijana saiti. Nilishawaambia wafunge vifaa. Jirani yangu ana binti yake wakili, nikampigia binti huyo usiku ule nikitaka anipongeze. Akaniuliza swali moja: "Baba, mkataba unakuruhusu kusimama?" Sikujua. Akaniambia nisitoe hata nyundo mpaka asome.

Alikuwa sahihi, na nadhani swali lile liliniokoa kuliko yote niliyowahi kuulizwa katika kazi hii. Mtu ambaye hajalipwa huona ni haki ya kawaida kuacha kazi. Lakini mahali ambapo mkataba wala sheria haikupi haki ya kusimamisha kazi, ukiondoka unaweza kuhesabiwa umeitelekeza, na hapo aliyekuwa mdaiwa wako anageuka kuwa mdai: anauvunja mkataba, anaajiri wengine wamalizie, na tofauti ya gharama anakutoza. Haki hiyo ikiwepo, ina hatua zake. Katika FIDIC ya 1999 mkandarasi anatoa notisi isiyopungua siku 21 kabla ya kusimama au kupunguza kasi. Katika sheria ya Uingereza ni notisi ya siku saba. Mkataba wangu haukusema lolote, kwa hiyo tuliandika barua ya madai na kuendelea kufanya kazi huku tukibishana. Nililipwa hati mbili kati ya tatu.

Ile ya tatu ilirudi ikiwa imenyofolewa. Makato ya kusafisha ghorofa, makato ya winchi, makato ya ulinzi, makato ya kuziba ukuta ambao mafundi wangu hawakuugusa. Hakuna aliyeniambia kabla. Sasa kila mkataba wangu unasema makato yoyote yaje na barua kabla ya siku ya malipo, ikitaja sababu na hesabu, na niwe na siku za kurekebisha mwenyewe.

Halafu kuna fedha ya zuio, ile wengi tunaiita retesheni. Asilimia 5 au 10 ya kila malipo hubaki kwa mkandarasi mkuu ili nirudi kurekebisha kasoro. Kwa kawaida nusu hutolewa jengo likikabidhiwa, nusu baada ya kipindi cha matazamio, yaani cha kurekebisha kasoro, kwisha, ambacho mara nyingi ni mwaka mzima. Kwa kazi yenye faida ya asilimia 8, zuio la asilimia 10 maana yake ni kwamba faida yote pamoja na sehemu ya mtaji imelala kwenye akaunti ya mtu mwingine. Na ni akaunti yake kweli. Mahali ambapo sheria haitaki fedha hiyo itengwe, mkandarasi mkuu akifilisika unasimama foleni na wadai wengine wasio na dhamana. Kampuni kubwa ya Uingereza ya Carillion ilipoanguka Januari 2018, wakandarasi wadogo walijikuta kwenye foleni hiyo. New Zealand walikuwa wamepata somo lao mwaka 2013, ilipoanguka kampuni ya Mainzeal, na tangu mwishoni mwa Machi 2017 sheria yao inataka zuio lishikwe kama amana ya yule aliyelifanyia kazi. Naona hiyo ndiyo sheria ya haki, na natamani ienee. Kwa sasa, benki ikikubali, naomba kuweka dhamana ya benki badala ya zuio, na naandika kwamba nusu yangu ya kwanza itoke sehemu yangu ya kazi ikikabidhiwa, isingoje jengo zima. Fundi wa nondo anamaliza mapema sana. Kumngojesha mpaka fundi wa rangi apige brashi ya mwisho ni kumfadhili mwenye mradi kwa jasho lake.

Mradi uliobadilisha maisha yangu ulikuwa jengo la ofisi, miaka mitatu baada ya ule wa ghorofa sita. Nilinunua vitabu vya nakala, vile vyenye karatasi ya kaboni, nikampa fomeni wangu kimoja. Kila jioni aliandika: vijana wangapi, wamefanya nini, wapi wameshindwa kuingia na kwa nini, nani alipita na alisema nini. Kila Ijumaa nilituma barua moja kwa mkandarasi mkuu. Ghorofa ya pili tulitakiwa kupewa tarehe 3, leo tarehe 9 plasta bado haijapigwa, vijana sita wamekaa. Ghorofa ya tatu vivyo hivyo. Sikuandika kwa hasira. Fomeni wangu, mtu mzima aliyezeeka kwenye nyaya, alilalamika wiki ya kwanza: "Kaka, mimi ni fundi, si karani." Wiki ya sita alikuwa anaandika mpaka hali ya hewa.

Jengo lilichelewa wiki kumi na moja, na mkandarasi mkuu, akiwa ameshatozwa fidia ya ucheleweshaji na mwenye mradi, akaishusha kwangu karibu yote. Mkataba ulikuwa na mwamuzi, kwa hiyo hatukwenda mahakamani. Njia hii ninaipenda: Uingereza, kwa mfano, sheria ile ya 1996 inampa mwamuzi siku 28 tangu apelekewe mgogoro, na uamuzi wake unatekelezwa kwanza, anayetaka kuupinga ataendelea mbele fedha ikiwa imeshalipwa. Kesi ya miaka mitano humuua mkandarasi mdogo hata akishinda.

Mwamuzi aliweka vitabu vyetu vya kaboni upande mmoja wa meza na ratiba ya mkandarasi mkuu upande mwingine. Alisoma kimya kwa muda mrefu, akifunua kurasa kwa kidole gumba. Kisha akauliza upande wa pili kama wana kumbukumbu yoyote ya siku zile sita za ghorofa ya pili. Walikuwa na ratiba iliyochapishwa upya baada ya mradi kwisha. Fidia ikaondolewa kwangu, na gharama za vijana waliokaa bure nikalipwa. Gharama za mashine sikulipwa, kwa sababu kitabu kilihesabu watu, hakikuhesabu saa za mashine. Nikaongeza mstari huo kwenye kitabu cha mradi uliofuata.

Leo mimi ndiye mkandarasi mkuu, na ninawaajiri watu walio pale nilipokuwa. Mwaka jana kijana wa mabomba ya maji alinifuata kwenye gari nikiwa naondoka. Asubuhi ile nilikuwa nimemwambia, nikipita haraka, ahamishe bomba la maji taka kwa sababu injinia amebadilisha vyoo. Alikuwa ameshika karatasi. "Shikamoo mzee. Naomba unisainie hii kabla sijafungua sakafu." Ilikuwa uthibitisho wa maagizo ya mdomo, umeandikwa kwa mkono, na saa, na mahali, na sentensi ya mwisho kwamba atadai muda na gharama.

Nasema kweli, kitu cha kwanza nilichokisikia ni hasira. Nilihisi haniamini. Nikaisoma mara ya pili nikiwa nimeegemea mlango wa gari, na nikamwona yule kijana anavyonitazama, karatasi nyingine ya nakala ikitetemeka mkononi mwake kwa upepo. Kila neno lilikuwa kweli. Nikasahihisha kitu kimoja, aliandika ghorofa ya pili badala ya ya kwanza, nikasaini, nikamrudishia nakala yake.

Kisha nikazima gari nikarudi ofisini. Agizo lile lilikuwa la injinia, na siku zangu 28 zilikuwa zimeshaanza kuhesabika. Barua yangu kwake iliondoka saa kumi jioni hiyo hiyo, ya kijana ikiwa imebanwa nyuma yake.